Malori Sebuleni

Juzi nilimpelekea fundi kompyuta yangu, na wakati nasubiri akawasha monita moja ya kizamani, zile zenye kisogo kikubwa. Haikuchukua muda ikaanza kutoa harufu ya vumbi linalopata moto. Fundi alikuwa ananieleza habari za betri, mimi simsikii tena. Nilikuwa nimesharudi utotoni, Kiseke, sebuleni kwetu, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mgongo wa Baba uko mbele yangu umelowa jasho, na pazia la mlango wa jikoni linatikisika kwa sababu Bibi yuko nyuma yake anasikiliza. Ilibidi fundi aniguse bega.

Mama yangu alikuwa mwanajeshi. Nalisema hili mapema kwa kuwa kila ninapoanza kusimulia, watu humvisha Baba magwanda. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, Mhaya aliyependa suruali iliyopigwa pasi na sentensi iliyokamilika. Mama, binti wa Kisukuma kutoka Misungwi, ndiye aliyeamka alfajiri kufunga viatu vizito na kwenda kuendesha malori ya jeshi. Mtaani walimtania Baba kwamba kwake hata chumvi inaombwa kwa saluti. Alikuwa akijibu kwamba ni kweli, na kwamba ameshazoea, na alilijibu hilo kwa raha ya mtu anayempenda mkewe.

Alipopangiwa kwenda nchi jirani kulinda amani, Mama alituaga kama mtu anayekwenda Sengerema na kurudi jioni. Alinishika kidevu akasema, "Mimi sipigani, Kabula. Nabeba unga na maji tu." Baba aliyashika maneno hayo kuliko mimi. Aliyemuuliza kanisani alijibiwa hivyo, aliyemuuliza dukani alijibiwa hivyo: mke wangu hapigani, anabeba unga na maji tu. Aliyasema mpaka watu wakaacha kuuliza.

Bibi, mama yake Mama, akaja kutoka Misungwi kutulea, na hapo nyumba ikagawanyika. Kwa desturi yake, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kijijini, kwenye mji wa familia wenye nyumba kadhaa na uwanja mpana, hilo halimsumbui mtu. Kwenye nyumba ndogo ya Kiseke ni mtihani. Bibi alichukua jiko, ua na chumba changu. Baba akabaki na sebule na chumba chao yeye na Mama. Katikati kulikuwa na pazia la maua, na mimi. Baba alikohoa kabla ya kutoka kwenda msalani ili Bibi apate nafasi ya kujisitiri. Bibi hakumwambia neno. Aliniambia mimi, kwa sauti ya kutosha Baba kusikia, "Muulize baba yako kama atakula sasa," halafu mimi nikavuka pazia kurudia jambo ambalo Baba ameshalisikia, nikarudi na jibu ambalo Bibi naye ameshalisikia. Mwanzoni Baba aliona kichekesho. Siku zilivyokwenda naye akawa haanzi kujibu mpaka mimi nifike.

Simu za Mama zilikuwa chache, na zikija zilikuwa za kukatikakatika. Kati ya simu moja na nyingine Baba hakujua pa kuiweka mikono yake. Shuleni kwao walikuwa wanaondoa kompyuta zilizochakaa, akaleta moja nyumbani, na mwalimu mwenzake wa hesabu, kijana mmoja mchangamfu, akamwekea mchezo wa vita. Haukuwa ule wa kukimbia na bunduki tulioujua kwenye vibanda vya gemu. Huu ulikuwa wa kufikiri. Yule mwalimu alisema maofisa wa kweli hujifunzia michezo ya namna hiyo, na nadhani ni maneno hayo yaliyomnasa Baba. Alitaka kujua mkewe yuko ndani ya kitu gani.

Siku ya kwanza tulikaa mbele yake tukiwa na matumaini makubwa. Kioo kizima kilikuwa ramani, na ramani imekatwa vyumba vya pembe sita, sega la nyuki hasa. Juu ya sega kulikuwa na vibao vidogo, vya buluu ni vyetu, vyekundu ni vya adui, kila kimoja na alama yake na tarakimu pembeni. Msalaba ni askari wa miguu. Yai ni vifaru. Kibao chenye magurudumu ni malori. Kitabu cha maelekezo kilikuwa humo humo ndani, kwa Kiingereza, kirefu kuliko Agano Jipya. Baba alisema mtu aliyefundisha ramani miaka yote ile hawezi kushindwa na ramani, akaruka kurasa. Tukasukuma kila kibao mbele, tukafunga zamu yetu, tukasubiri adui afanye yake. Adui hakufanya kitu. Tukasukuma tena. Baada ya zamu chache vibao vyetu vikaanza kugeuka kijivu, kimoja baada ya kingine, na Baba akikigusa hakiendi. Hakuna aliyekuwa ametupiga. Mafuta yalikuwa yameisha na chakula kimeisha, askari wetu wamekaa porini. Baba akarudi kwenye zile kurasa alizoruka, akasoma mpaka umeme ukakatika.

Nimewahi kujifunza mambo magumu tangu hapo, lakini sijapata kuona kitu kinachomdharau mwanafunzi wake kama mchezo ule. Tulishindwa kwa matope, kwa sababu mvua ilinyesha na hatukujua mvua ina maana. Tulishindwa kwa daraja moja ambalo vifaru vizito havipiti. Tulishindwa kwa sababu kamanda wetu, tarakimu ndogo tu pembeni ya kibao, alikuwa mbali na askari wake. Kila tukishinda tatizo moja linajitokeza lingine ambalo hata jina lake hatukulijua, na Baba, aliyekuwa hodari wa kuwaambia wanafunzi wake wasikate tamaa, alikuwa anakishika kichwa kwa mikono miwili na kuguna. Nilimwonea huruma. Nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu akiwa wa mwisho darasani.

Mimi niliamini ile ndiyo vita ya Mama. Sikudhani Mama yuko ndani ya kompyuta, sikuwa mjinga kiasi hicho. Niliamini kwamba linalofanyika pale linafika kule, kama vile mkubwa mmoja akisaini karatasi ofisini kwake mjini, mwalimu anahamishiwa Ukerewe. Nilichagua kibao kimoja cha malori nikakifanya cha Mama, na kila zamu nilimwomba Baba akiweke mahali pazuri, nyuma ya mlima, karibu na maji. Baba hakunikatalia. Wala hakucheka, na kwa kuwa hakucheka nikajua ni kweli.

Bibi alikuwa ameniuliza mapema sana baba yangu anaangalia nini kila akitoka shuleni. Nilimwambia anaangalia vita ya Mama. Akaitikia kwa koo, akaendelea kuchambua dagaa. Tangu siku ile, kila jioni nikivuka pazia, swali lilikuwa hilo hilo: malori yamefika? Nikisema yamefika, anasonga ugali kwa nguvu. Nikisema bado, anakaa tu mbele ya moto na chakula kinachelewa. Yeye hakuweza kuja kuona mwenyewe, na Baba hakuweza kwenda kumweleza. Wote wawili walikuwa wananiuliza mimi, na mimi nilikuwa najibu ninachokijua.

Ikafika Jumamosi moja mchana, joto limetulia juu ya mawe ya Kiseke, ziwa kwa mbali limekuwa jeupe kabisa. Baba alikuwa anakaribia kushindwa tena kwenye vita ile ile ya siku zote. Akaacha kutazama mbele kulikokuwa na mapigano. Akachukua kikosi kidogo cha askari wa miguu, kibao ambacho hatukuwa tukikijali, akakipitisha kwenye kinamasi, akazunguka nacho mpaka nyuma kabisa ya adui, kwenye barabara moja nyembamba. Pale barabarani malori ya adui yalikuwa yanakuja kwa mstari. Hayakuwa na ulinzi. Yakapotea, moja, jingine, jingine. Zamu iliyofuata vifaru vyekundu vikageuka kijivu. Vikasimama. Baba akavifuata pale pale viliposimama na kuvimaliza, na kioo kikaandika kwamba tumeshinda.

Nilipiga kelele nikaruka mpaka ndoo ikaanguka. Ulikuwa ushindi wetu wa kwanza. Nilipomgeukia Baba nilimkuta hajasogea. Alikuwa ameinamia kioo, anaitazama ile barabara nyembamba iliyobaki tupu.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema.

Kisha akasema, polepole, na hakuwa anasema na mimi, "Yanayoanza kupigwa ni malori." Akavua miwani, akafunika uso kwa viganja vyake, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nilivuka pazia. Bibi alikuwa amesimama, mwiko mkononi, kwa sababu alikuwa amesikia kelele zangu na kisha kimya. Akaniuliza kuna nini. Nilimwambia kama nilivyoona: malori yamepigwa barabarani, yote, na Baba analia. Sikusema ni ya nani kwa kuwa hakuniuliza, na kwangu mimi jibu lilikuwa wazi kama mchana.

Mwiko ulianguka kwanza. Halafu Bibi akakaa chini pale pale, akavuta khanga kichwani, na sauti iliyomtoka sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Alikuwa anamwita Mama kwa jina la utotoni, na anamwambia ng'wana wane, ng'wana wane, mwanangu, mwanangu. Mtaa wetu nyumba zimebanana na mawe yanarudisha sauti. Kabla sijajua nifanye nini, jirani wa kushoto alikuwa uani, na wa kulia anafungua geti, na nyuma yao wanaume wanakuja wamevua kofia.

Baba alitoka kwa mlango wa mbele. Aliona watu. Alimwona mama mkwe wake kwa mbali, kupitia mlango wa uani, chini, akilia vile. Hakuuliza. Alikodoa macho, akaegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka akakaa kwenye vumbi na suruali yake ya pasi. Alidhani Bibi amepigiwa simu. Bibi alidhani Baba ameona kwenye kompyuta. Kila mmoja alipojua mwenzake analia alipata uhakika wote aliouhitaji.

Na mimi? Mimi nilidhani wakubwa wamenizidi akili kama kawaida yao. Niliposikia Mama analiliwa nikaunganisha mambo kwa haraka: kumbe Mama alikuwa upande ule mwingine. Kumbe yale malori mekundu ndiyo yalikuwa yake, na sisi hatukujua, na siku zote nilikuwa namficha nyuma ya mlima mtu asiyekuwa yeye. Baba alikuwa amekizungusha kile kikosi kwenye kinamasi kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nilishangilia. Niliingia chini ya meza ya kompyuta, nikakaa kwenye nyaya, nikazishika. Sikulia. Nilikuwa naogopa kwamba mtu akinisikia ataniuliza ilikuwaje.

Msiba wa mjini huenda haraka. Nikiwa chini ya meza niliona miguu ikiingia na kutoka, ikibeba makochi kuyapeleka nje, ikitandika mikeka. Wanajumuiya walifika na rozari. Mama mmoja wa kwaya, mnene, mwenye sauti nzuri, alianzisha wimbo na wengine wakaupokea, na uani wanaume walikuwa wanapasua kuni. Sufuria kubwa likaja kutoka sijui wapi. Simu ya Baba ilikuwa inatafutwa ili apigie kambini, na ilipopatikana ikawa upande wa pili haipatikani, na hilo nalo likachukuliwa kuwa jibu.

Kilichotuokoa ni maswali ya wanaume. Mjumbe wa mtaa alimwinamia Baba akamuuliza kwa upole marehemu amefia wapi, na mwili unategemewa lini. Baba akasema hajui lolote, wamuulize mama mkwe wake, yeye ndiye aliyepokea habari. Wakaenda wanawake kwa Bibi. Bibi akasema yeye hakupokea habari yoyote, habari ziko kwa mkwe wake. Wakarudi kwa Baba. Nilisikia ukimya ukiingia kwenye ule umati, mtu mmoja mmoja, mpaka wimbo ukabaki na mama wa kwaya peke yake, naye akauacha katikati.

"Koku yuko wapi?" Baba aliuliza. Alikuwa akiniita hivyo, kwa jina la kwao.

Walinitoa chini ya meza nikiwa na alama za nyaya mikononi. Baba alipiga magoti. Aliniuliza nilimwambia nini Bibi, na nikamwambia. Kisha akainuka, akapita katikati ya watu, akakishika kitu ambacho kwa miezi hakuwa amekigusa, lile pazia la maua, akalisogeza pembeni na kuingia jikoni. Wanawake wakashtuka. Alimshika mama mkwe wake mkono, akamwinua, akamleta sebuleni mpaka mbele ya kompyuta. Bibi aliivuta khanga ikafunika uso wote ili asimwone mkwe wake, akakitazama kioo kupitia kwenye kitambaa. Baba akamwonyesha kibao kimoja kimoja. Haya ni malori. Si ya kweli, mama. Ni mchezo. Nilikuwa nacheza.

"Mchezo," Bibi alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Baba.

Hakuna aliyejua afanye nini na chakula kilichokuwa jikoni, basi watu wakala. Wengine walicheka, kwanza kwa siri. Mama wa kwaya alisema aliyeliliwa bure huishi miaka mingi, na wengi wakaitikia. Waliporudisha makochi walimpigapiga Baba mgongoni. Lakini furaha yao haikutufikia sisi watatu, kwa sababu simu ya kambini bado ilikuwa haipatikani. Msiba ulikuwa wa uongo, ila hakuna aliyeweza kutuambia kwamba Mama ni mzima kweli. Bibi alirudi upande wake wa pazia na hakuunyanyua mkeka wake. Baba aliifunika kompyuta kwa kitambaa kilichofumwa na Mama, na hakuigusa tena. Alipoulizwa habari za mkewe hakusema tena habari za unga na maji.

Siku zile zilikuwa mbaya kuliko Jumamosi yenyewe. Tulikuwa tumeshaonja. Nikiwa darasani nilikuwa nasikia kilio cha Bibi, na nikirudi nyumbani namkuta amekaa kwenye mkeka, hajaniuliza kama malori yamefika. Nilitamani aniulize. Hata uongo ningempa.

Mama alipiga simu asubuhi moja Baba akiwa anafunga viatu. Sauti yake ilikuwa ya chini na ngeni. Alisema, "Mimi mzima," na kabla Baba hajajibu akasema tena, "Mimi mzima," halafu akaomba kusema na mama yake. Nilipeleka simu ng'ambo ya pazia. Bibi aliishika kwa mikono miwili na kumwita yule mtoto wake jina lile lile la kilio, mara nyingi, taratibu, mpaka laini ikakatika. Hakuna aliyemwambia Mama kwamba tumemzika nusu.

Alirudi baada ya mvua, amekonda, kicheko chake kimepungua. Habari za msiba wake alizipata sokoni, kwa sababu mama wa kwaya alipomwona alimkumbatia akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la mtu. Niliogopa atakasirika. Hakukasirika. Siku moja mchana, Baba yuko shuleni na Bibi amekwisha rudi Misungwi, Mama alikitoa kile kitambaa juu ya kompyuta, akavuta kiti.

"Haya," alisema. "Nionyeshe hicho kilichoniua."

Niliwasha kwa fahari. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Nilimwonyesha msalaba na yai, kinamasi na daraja. Nilimwonyesha mlima ambao nyuma yake nilikuwa namficha. Halafu nikapanga malori yetu barabarani kwa mstari, ili aone yanavyokwenda, nikamwambia hili la mbele ndilo lake.

Mama aliweka kidole juu ya kioo, kwenye lile la mbele.

"Hili lilikuwa la Koplo Neema," alisema. "Mimi nilikuwa nyuma yake."

Nikamuuliza Koplo Neema ni nani. Akasema ni rafiki yake, mtu wa Sengerema, na ana mtoto wa kike wa rika langu. Alisema kwao nako walilia. "Ila kwao hakuna aliyekosea, Kabula."

Mkono wangu ulikuwa juu ya mausi, vibao vyote vimeshapangwa, imebaki kubonyeza tu ili zamu yetu iishe na adui aanze yake. Mama aliona nimesita. Akaniuliza nisipobonyeza inakuwaje. Nikamwambia haiwi kitu, kila mtu anabaki pale alipo, adui anasubiri.

"Mpaka lini?"

"Mpaka ubonyeze."

Mama akautoa mkono wangu kwenye mausi, akaufunika kwa mkono wake.

"Basi tukae kidogo," alisema.